Maswali yenu: nguva wa kucha nyekundu, popobawa na mngwa wa Lindi

Safari hii barua nyingi zimeanza na "lisemwalo lipo", utadhani methali ni cheti cha daktari. Haya, tuzifungue.

Nguva kaokotwa Koko Bichi, picha nimekutumia. Kwa nini wanaficha? (Msomaji, Tabata)

Picha hiyo nimetumiwa mara sita mwezi huu, kila mara na ufukwe wake. Ikuze uangalie mkono wa kushoto: nguva kapaka kucha rangi nyekundu, na vidole ni sita. Huyo kazaliwa kwenye kompyuta. Nguva wa kweli ni mnyama mnene anayekula nyasi za baharini, na wachache tuliobaki nao wako zaidi pande za Rufiji na Mafia. Wakinasa kwenye jarife hufa maji, maana wanavuta hewa kama mimi na wewe. Kuhusu hao sijaletewa swali hata moja.

Jirani amekabwa usiku mara mbili, na sasa mtaa umeanza kulala nje. Ni popobawa? (Mama Wawili, Mbagala)

Pole, mama. Kukabwa ni kweli, na wazee walikuwa na jina lake: jinamizi. Akili imeshaamka, mwili bado umelala. Kidole hakiinuki, kifua kizito, na unaona kabisa kuna mtu chumbani. Humpata zaidi aliyechoka, mwenye wasiwasi na anayelala chali. Sasa mtaa mzima ukikesha siku tatu kwa hofu, msishangae wa nne na wa tano nao wakikabwa. Pemba na Unguja walipitia hayo 1995, mwaka wa uchaguzi, watu wakilala uani kwa makundi huku moto unawaka. Dar tukapata zamu yetu 2007.

Popobawa hakukamatwa popote. Ila 1995 huko Unguja, mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye. Kwa hiyo nenda kwa mjumbe wako leo, si kesho, umuulize: hapa mtaani nani hutembea usiku akiongea peke yake? Huyo ndiye wa kulindwa.

Lile dude la Loch Ness, ziwa la kule Uskoti, lipo au halipo? (Kinondoni)

Halipo. Picha maarufu ya 1934 ilikuwa nyambizi ya kuchezea iliyobandikwa kichwa, na wanasayansi waliochota maji ya ziwa hilo 2018 kutafuta vinasaba walikuta mikunga tele, lakini hakuna mtambaazi hata mmoja.

Unawakejeli wanaotafuta viumbe vya ajabu, mbona kipunji kapatikana hapa hapa kwetu? Lisemwalo lipo! (Mwalimu, Ubungo)

Mwalimu, umenichokoza pazuri. Lisemwalo lipo, lakini muulize msemaji: wewe umemtega, umemla, au umesimuliwa?

Mwaka 2003 wawindaji wa Mlima Rungwe waliwaambia watafiti kuna nyani wanamwita kipunji. Watafiti wakasita, kwa sababu Wanyakyusa wanasimulia wanyama wa kweli na wa kufikirika kwa pumzi moja. Walipomwona kwa macho wakamtangaza 2005, kwa picha tu, na wenzao wakaguna. Mguno uliisha mkulima mmoja alipomkuta kipunji mdogo amekufa kwenye mtego shambani. Mwili ukapimwa vinasaba, na 2006 kipunji akapewa jenasi yake peke yake. Watafiti wenye shahada na darubini, aliyemaliza ubishi ni mtego wa kulinda mahindi.

Kwale wa Udzungwa je? 1991 watafiti wa Denmark wako kambini, chakula kinapakuliwa, mmoja anaona ndani ya sufuria miguu ya ndege asiyemfahamu. Mpishi alikuwa ameshamuunga mchuzi.

Na silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria. Alionekana Afrika Kusini 1938, kisha ikapita miaka 14 profesa akimtafuta, akisambaza vipeperushi vya zawadi ya pauni 100. Wa pili akapatikana Komoro 1952, na kumbe wavuvi wa huko walikuwa wanamjua siku zote, wanamwita gombessa. Kwetu amekuwa akiingia kwenye jarife zinazozamishwa kina kirefu kutafuta papa, Tanga hasa, mpaka ikatengwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti 2009. Ukitaka kiumbe kipya, nenda soko la samaki la Feri alfajiri kabla ya mnada, ukae na wazee wanaochambua samaki, uulize ni yupi wanayemtupa kwa sababu hana mnunuzi. Lakini wasaka mazimwi hawaamki saa hizo.

Mzungu anataka nimpeleke Lindi kumsaka mngwa. Nimtoze kiasi gani? (Dereva, Kariakoo)

Kabla ya bei, muulize kibali. Kama ni utafiti, lazima apitie COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na wa wanyamapori TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Akianza kusema "ni safari ya kirafiki tu" huku ana kamera kumi za kutega, wewe ndiye utakayeulizwa getini.

Habari za mngwa, paka mkubwa wa kijivu wa kwenye masimulizi, zilienea kwa Wazungu kupitia William Hichens, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa Lindi miaka ya 1920, aliyeandika juu ya watu waliouawa usiku na manyoya ya kijivu yaliyokutwa mikononi mwa maiti. Manyoya hayo hayajamleta mnyama mpaka leo. Ila simba wapo, kaka. Tangu 1990 hadi 2004 waliua Watanzania zaidi ya 560, na kusini iliumia sana, hasa wakulima waliolala kwenye madungu wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe mwitu. Chukua hela yote mapema, na ulale ndani ya gari.

Chui wa Unguja bado yupo? (Msomaji, Kigamboni)

Kamera ya kipindi kimoja cha televisheni ilinasa mnyama kama chui 2018, watu wakashangilia. Mimi nasubiri kinyesi. Ukikutana nacho huko Jozani, kikubwa, kina manyoya ndani, kikaushe, kifunge kwenye karatasi na siyo mfuko wa plastiki, andika siku na mahali, kipeleke kwa watu wa zuolojia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Usinitumie picha yake.