Kila akinywa anatapika, nimpe nini?

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Juzi usiku mwanangu wa miaka minne alianza kutapika, kulipokucha akawa anaharisha maji matupu. Nilimpa maji glasi nzima, dakika tano hazikupita yote yakatoka. Nikampa soda, nayo ikarudi. Leo baba yake hatoki chooni, na mimi tumbo limeanza kunguruma. Kabatini kuna antibayotiki zilizobaki. Niwape? Na huyu mtoto ale nini? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Hizo antibayotiki ziache. Kwa ulivyoeleza, mtoto kwanza na baba baadaye, inaelekea ni virusi, na antibayotiki haziviui virusi. Zinaweza hata kuzidisha kuharisha. Norovirusi, kwa mfano, huchukua saa 12 hadi 48 tangu kuingia mwilini mpaka kuangusha mtu, na kwa kawaida huisha vyenyewe kwa siku moja hadi tatu. Kazi yako ni kurudisha maji yanayopotea.

Sasa hiyo glasi. Tumbo lililovurugika halipokei glasi nzima. Nasema hivyo na mimi mwenyewe niliikosea, tena nikiwa na miaka mingi kazini. Nilipougua, kiu ilinizidi nikanywa kikombe kwa mkupuo mmoja, nikakirudisha chote kabla sijakitua. Binti yangu, ambaye hata si muuguzi, alininyang'anya kikombe akanipa kijiko cha chai. "Si ndivyo unavyowaambia watu, mama?" Nikanyamaza, nikanywa kwa kijiko.

Kwa hiyo fanya hivi. Akitapika, mwache tumbo litulie dakika 10, usimpe kitu. Kisha kaa naye, saa ikiwa mbele yako, umpe kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Utaona kama mchezo, lakini piga hesabu: kijiko ni mililita 5, kwa hiyo kijiko kila dakika ni mililita 300 kwa saa, zaidi ya ile glasi aliyoitapika. Atalilia kikombe. Kifiche. Akitapika tena, subiri dakika 10 nyingine, uanze upya taratibu zaidi.

Kijikoni weka ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa paketi unaochanganywa na maji. Paketi nzima iende kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Usiigawe nusu kwa kukisia. Ukikosa paketi, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa mgongo wa kisu. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga uchanganye upya, maana chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Yakikaa zaidi ya saa 24, mwaga pia. Sukari humo si ya utamu: utumbo hufyonza chumvi ikiwa pamoja na sukari, na maji hufuata. Soda ina sukari nyingi mno, nayo huvuta maji kuyaleta tumboni, ndiyo maana mtoto huzidi kuharisha. Kutapika kukitulia, mpe mililita 100 hadi 200 kila baada ya choo cha maji.

Chakula? Akikiomba, mpe kile alichozoea, kilaini, kidogo kidogo. Kumshindisha njaa hakufungi tumbo. Kituo cha afya kitampa na zinki, miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Dawa ya kufunga tumbo usimpe mtoto kabisa. Baba mtu anaweza kuitumia ikiwa hana homa kali wala damu kwenye choo. Homa ni parasetamoli kwa kipimo cha umri au uzito. Aspirini isimguse mtoto.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji. Ile dawa ya spiriti ya kupaka mikononi haiwezi norovirusi ipasavyo. Na baba asiingie jikoni mpaka zipite saa 48 tangu tumbo lake litulie, hata akijiona mzima. (Kwa wengine hiyo si adhabu.)

Usingoje kesho ukiona haya: damu kwenye choo, matapishi ya kijani, macho yaliyozama, kulia bila machozi, saa nane bila kukojoa, maumivu makali yasiyoachia, au mtoto kulegea na kusinzia kuliko kawaida. Vilevile kijiko kikishindwa kwa saa kadhaa. Nendeni hospitali, na njiani uendelee na kijiko.

SWALI: Nanyonyesha mtoto wa miezi mitano, nami nimeanza kuharisha. Niache kumnyonyesha nisimwambukize?

JIBU: Usiache, mwanangu. Maziwa yako yana kinga inayomsaidia; hatari iko mikononi mwako. Nawa kwa sabuni kila utokapo chooni na kabla ya kumshika. Wewe mwenyewe kunywa sana, maana maji yanakutoka huku na huku. Yeye akianza kuharisha, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na kwa umri wake mpeleke akaonwe siku hiyohiyo.