Kwa Vijana Wakristo Mnaoanza Kazi Tanga: Majaribu ya Kaunta, Ghala na Simu

Kila mwaka tunapokea usharikani vijana wapya waliotoka Lushoto, Korogwe, Handeni, wengine Moshi na Iringa. Wamepata kazi mjini: dukani Ngamiani, kwenye maghala ya nafaka, kwa wakala wa pesa, bandarini, kiwandani Pongwe. Mimi nimeshika hesabu za maduka na maghala ya mji huu tangu nikiwa binti, na haya ndiyo ninayowaambia wanapobaki kuzungumza nami baada ya ibada.

Wengi wenu mmekuja mkiwa mmeonywa kuhusu Tanga yenyewe. Mmeambiwa Tanga raha, mgeni hasahau mahaba yake, ukija huondoki. Wanangu, mji hauna kosa. Yakobo anaandika kwamba kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, huku akivutwa na kudanganywa. Aliyekuja na uchu wa pesa ya haraka angejaribiwa vilevile hata angepangiwa Makambako. Na msijifunze kumtazama jirani kama mtego. Nimefanya kazi kwa tajiri Mwislamu ambaye hakuruhusu mtu aguse mizani yake kwa hila, na wapo Wakristo niliowaona wakiigusa.

Jambo jingine nalisema mapema kwa sababu linawatesa wengi: kujaribiwa si dhambi. Bwana wetu alijaribiwa katika mambo yote sawasawa na sisi, bila kufanya dhambi. Wazo likikupitia kichwani ukiwa na droo ya pesa mbele yako, usianze kujiona umeshaanguka, kwa maana anayejiona ameshaanguka haoni tena sababu ya kupigana.

Sasa tuingie ghalani, maana huko ndiko nilikowaona wengi wakiteleza. Kazini jaribu haliji likijitambulisha kuwa ni dhambi. Linakuja likiwa ni utaratibu wa kazi. Karani mpya anaoneshwa lumbesa: gunia limejazwa mpaka juu, likaongezewa kichwa na kushonwa kwa kamba, na mkulima wa kijijini analipwa bei ya gunia moja. Karani anaambiwa, "Andika moja." Sheria ya Vipimo inaikataza lumbesa, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini atakayekuelekeza hatakutajia sheria. Atakwambia ndivyo tunavyofanya hapa. Mwisho wa wiki unaletewa elfu kumi ya soda. Ukishaipokea, wiki ijayo ulimi unakuwa mzito.

Kwa hiyo sema wiki ya kwanza. Sema kwa adabu, tena bila kuhubiri: "Tajiri, naomba mimi niandike uzito unaosomeka kwenye mizani." Maneno hayo yakisemwa na mgeni yanaonekana ni msimamo wa mtu. Yakisemwa mwezi wa sita na mtu aliyekwisha kula mgawo yanaonekana ni usaliti, na wenzako watakuogopa kuliko wanavyokuheshimu. Nimeona matajiri wakinuna siku mbili, kisha wakamkabidhi kijana huyohuyo funguo za stoo, kwa kuwa hata anayewapunja wengine hataki mtu wa kumpunja yeye.

Mtaniuliza kama mwache kazi. Watoza ushuru walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, naye hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze kitu zaidi ya walivyoamriwa, nao askari waliomwuliza akawaambia watoshewe na mshahara wao. Ushauri wangu ndio huo: baki, fanya kazi safi, isipokuwa kazi yenyewe ikiwa ni wizi mtupu. Sitawaficha kwamba wapo waliofukuzwa kwa kukataa. Hapo ndipo nasi wazee wa usharika tunapopimwa. Kumsifu kijana kwa uaminifu madhabahuni na kumwacha adaiwe kodi ya chumba ni kumtenda vibaya, na hili nimelisema kwenye vikao.

Dukani jaribu lina jina la upole zaidi: kujikopesha. Sijapata kumsikia keshia aliyeanza kwa kusema anaiba. Husema, "Nachukua nauli, Ijumaa narudisha." Na Ijumaa anarudisha kweli! Ndiyo maana ni hatari, kwa sababu mara ya kwanza inafaulu. Baadaye kiasi kinapanda, Ijumaa inakuwa mwisho wa mwezi, na siku tajiri anapofunga hesabu ghafla kijana hana la kusema. Pesa yako isikae kabisa karibu na droo, hata shilingi mia tano ya maji. Hesabu droo asubuhi na jioni mbele ya mtu wa pili, muweke sahihi wote wawili. Mteja akisahau chenji, iandike kwenye daftari na umwambie msimamizi palepale, kabla moyo haujaanza kuizoea. Kwa wakala ni hivyohivyo: muamala ukiingia kwa makosa, usiguse hiyo pesa, pigia huduma kwa wateja waurudishe.

Lakini ukichunguza sana, droo haikuwa mwanzo. Mwanzo ulikuwa deni. Shetani alimwendea Yesu jangwani baada ya siku 40 za kufunga, alipoona njaa, akaanzia kwenye mkate. Nanyi ataanzia pale mlipopungukiwa. Vijana wengi niliokaa nao wakilia walikuwa wamekopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, au wamejiunga na mikopo ya simu inayowapigia ndugu zako wote ukichelewa kulipa, au mshahara umeishia kwenye mikeka ya kubeti. Usibeti hata mara moja "kwa kujaribu bahati". Ukiletewa mkeka, toka ulipo. Mshahara ukiingia, lipa kodi na nunua unga, mchele na mafuta siku hiyohiyo, kabla hujakutana na marafiki. Anayejua ana chakula cha wiki tatu ndani hujibu tofauti anapotegwa na elfu ishirini.

Kuhusu mwili nitasema machache, kwa kuwa Biblia imesema vizuri. Mke wa Potifa alimbembeleza Yusufu siku baada ya siku, naye hakukubali kulala naye wala kukaa naye. Hilo la pili ndilo mnalolisahau. Mnataka kukaa na kitu usiku kucha kisha mshinde kwa nguvu. Mko peke yenu kwenye geto, mmechoka, bando lipo, saa nne imepita: hapo hakuna nguvu. Chaji simu mbali na kitanda, ununue saa ndogo ya kukuamsha. Mfanyakazi mwenzako mnayevutana naye, zungumzeni mchana mbele za watu.

Ila binti zangu, tofautisheni. Msimamizi anayekudai mwili ili akupe kazi, zamu nzuri au mkataba, huyo si jaribu lako la kustahimili kimya ukiomba. Huo ni uhalifu wake. Inaitwa rushwa ya ngono, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaikataza, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Tunza ujumbe wake, usifute. Mwambie mama mmoja unayemwamini siku hiyohiyo.

Maombi? Ndiyo, na yawe kabla. Gethsemane Bwana aliwaambia wanafunzi wakeshe na kuomba wasije wakaingia majaribuni. Walilala, na askari walipofika Petro akashika upanga, kisha akamkana. Omba asubuhi kwa kutaja jambo lenyewe: "Bwana, leo mchana nitapokea pesa taslimu za mzigo, nisimamie." Sala ya namna hiyo utaikumbuka pesa zikifika. Na uwe na mtu mmoja, mkubwa kwako, wa jinsia yako, mwenye ruhusa ya kukuuliza habari za droo na za simu. Kundi la WhatsApp haliwezi kazi hiyo. Luka anaandika kwamba Ibilisi alipomaliza alimwacha Yesu kwa muda tu, kwa hiyo na huyo mtu asiache kukuuliza kwa kuwa mwezi huu ulikwenda vizuri.

Na aliyekwisha kuchukua asikimbilie Dar kuanza upya. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne ya alichomnyang'anya mtu, akiwa hapohapo Yeriko alikojulikana. Andika kiasi chote kwenye karatasi, usipunguze. Nenda kwa tajiri asubuhi, wateja wakiwa hawajaja, umwambie ni shilingi ngapi na utakata kiasi gani kila mwezi mpaka iishe. Huenda ukafukuzwa, na bado ulipe. Ukiogopa kwenda peke yako, pita kwangu kwanza, tutakwenda wote.