Usiuze ukumbi kupata chumba cha tano

Wiki iliyopita dada mmoja wa Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, aliniandikia. Yeye na nduguze wamerithi nyumba ya babu yao na wanataka kuigeuza nyumba ya wageni, ya kulala na kifungua kinywa. "Da, ule ukumbi wa juu tukiugawa tunapata vyumba viwili zaidi. Tuugawe?" Nimekaa na swali lake siku tatu, maana mimi nililijibu vibaya kwenye nyumba yangu mwenyewe, na jibu lile lilinitoa machozi.

Nyumba yangu ilikuwa ya bibi mzaa mama. Vyumba vinne, ua katikati, ukumbi juu, baraza mbele. Nilianza kwa ubia na mtoto wa mjomba wangu, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: kitanda kinalipa, ukumbi haulipi. Mambo ya leseni na mkopo nayaruka, kila mmoja wenu atayapitia kwa njia yake. Tukaupiga ukumbi ukuta wa jipsamu. Juu ya ua tukaweka mabati ya kupitisha mwanga, mvua isituharibie viti. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe tuliomba cha kupaka rangi tu. Ya ukumbi hatukuyataja, na hilo nalikiri.

Mwezi wa kwanza tulisherehekea. Mwezi wa pili joto likaanza. Sikuwa nimeelewa kwamba ule ua ndio pua ya nyumba: hewa ya moto hupanda ikatokea juu, nayo ikitoka huvuta upepo wa uchochoroni uingie mlangoni. Tulipouziba, vyumba vya juu vikawa tanuri. Tukafunga viyoyozi, umeme ukala faida yote ya vile vyumba viwili. Wageni nao wakawa wanakula kifungua kinywa na kukimbilia nje, jioni wanarudi na kujifungia. Mmoja aliniambia kwa upole siku anaondoka: "Nyumba nzuri, lakini usiku hakuna pa kukaa ila kitandani." Neno lile sijalisahau.

Halafu saruji. Mkandarasi alitushauri tubandue plasta ya chokaa iliyokuwa ikimomonyoka, tupake saruji, "mambo yaishe". Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Zinanyonya unyevu na chumvi kutoka chini, na chokaa huziachia zipumue. Saruji inaziba. Maji yakikosa pa kutokea hupanda ukutani mpaka kwenye vichwa vya boriti, yaani ncha za miti ya dari, vilivyofukiwa humo, na boriti huoza kwa ndani, kimya kimya. Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la sultani la 1883 hapa Mji Mkongwe, ilipoporomoka, usiku ule sikulala. Asubuhi nilipanda ngazi na bisibisi, nikaichoma boriti ya chumba cha pili. Ikaingia kama kwenye mkate.

Kurekebisha kulichukua karibu miaka miwili, safari hii kwa kibali cha kila kitu. Ubia ulikufa humo humo. Ndugu yangu alidai fungu lake, nikauza dhahabu nikamlipa, na hata Iddi iliyopita hakunipa mkono. Inaniuma hadi leo. Lakini ukumbi umerudi, ua uko wazi, na jana usiku saa tano wageni wa vyumba vitatu, watu wasiojuana asubuhi, walikuwa wamekaa pamoja wakinywa chai ya tangawizi. Najivunia hilo kuliko pesa yoyote niliyowahi kuhesabu.

Kwa hiyo dada yangu, usiugawe. Vyumba vyako vitakuwa vyembamba, kama mita tatu hivi kwa upana, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Usivunje kuta kutafuta upana. Weka kitanda kimoja kizuri, samadari, kile kitanda cha kizamani, kama mnayo, chandarua, na uache madaka, vile vishubaka vya ukutani, yawe ndiyo kabati. Mgeni anavumilia chumba chembamba akijua ana ukumbi wa kunyoosha miguu.

Vyoo ndivyo vitakavyowagombanisha. Kila mtu atataka choo ndani ya kila chumba. Bafu la ghorofani likivuja, linavujia boriti. Vipange kimoja juu ya kingine, bomba zote zishukie mahali pamoja, na kama vyumba viwili vitachangia choo, mwambie mgeni kabla hajalipa. Anayejua hakasiriki.

Meza ya kifungua kinywa iwe moja, ndefu, uani. Na baraza msiifungie kwa geti. Wazee wa mtaa wamekaa pale kabla ya nyote kuzaliwa, na salamu zao ndizo zinazomfanya mgeni ajisikie amefika kwa watu. Tusiwe watu wa kurithi nyumba kisha tukawafukuza waliotutunzia mlango.

Masika haiko mbali. Anzeni na paa, kisha tafuteni fundi mzee wa chokaa aguse kila boriti kwa mkono wake. Nipigie picha za vichwa vya boriti vya ule ukumbi, karibu na ukuta, unitumie kabla hamjanunua hata kopo moja la rangi.