Kabla ya Kuhesabu Mikono, Hesabu Maji

Vijana wa Shela, kisiwani Lamu, huniuliza swali lile lile kila likizo: nikitaka kuwa bingwa wa kuogelea baharini, nifanye mazoezi saa ngapi kwa siku? Nami huwauliza: leo maji yanajaa saa ngapi? Wengi hukimbilia simu.

Siwacheki. Nilipokuwa na miaka 17 nilijiona samaki. Asubuhi moja ya bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kwa nguvu, saa mbili hivi, nilijitosa Shela nivuke mlango wa bahari hadi Ras Kitau, ng'ambo kwenye kisiwa cha Manda. Maji yalikuwa yameshaanza kupwa. Mikono ilikwenda vizuri sana, lakini kila nikiinua kichwa naiona Ras Kitau imesogea kushoto. Mkondo ulikuwa unanitoa nje, kwenye bahari kuu. Mjomba aliyekuwa akirudi kuvua alinitupia kamba, akanimiminia chai, hakunigombeza. Alisema tu, "Ungengoja adhuhuri, mwanangu, maji yangekupeleka mjini bure."

Tangu hapo nikaanza kuandika. Kujaa huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua linakuja na mkondo wa mlangoni huwa mkali. Katikati yake ni maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, na hapo ndipo ninapowaanzisha wanafunzi. Upepo wa kusi ukivuma, tunabaki upande wa ndani. Kuvuka bila mashua kando yako, hata kama ni mfupi kiasi gani, kwangu ni marufuku.

Jambo la pili ni joto, nalo watu wa pwani hulidharau kwa sababu tumelizoea. Mwaka 2010 Mmarekani Fran Crippen, muogeleaji wa kiwango cha dunia, alifariki katikati ya mashindano ya kilomita 10 huko Fujairah, maji yakiwa ya moto. Baadaye shirikisho la dunia la kuogelea likaweka kikomo cha joto la maji, nyuzi 31 za Selsiasi. Ndiyo maana mwezi wa Machi tunaingia majini mara baada ya sala ya alfajiri, na mashuani hakukosekani maji yenye chumvi kidogo na sukari. Kunywa kabla ya kiu. Ukianza kusikia baridi ndani ya maji ya moto, au kichwa kikikuzunguka, toka. Hakuna medali hapo. (Na jipake mafuta ya mgando kwapani na shingoni, chumvi inachubua vibaya.)

Kuhusu subira, mtazameni Ana Marcela Cunha, muogeleaji wa baharini wa Brazili. Olimpiki ya Beijing 2008, akiwa na miaka 16, alikuwa wa tano. London 2012 hakufuzu hata kwenda. Rio, mbele ya watu wake, akawa wa kumi. Dhahabu aliipata Tokyo mwaka 2021, miaka 13 baada ya Olimpiki yake ya kwanza. Hebu fikirieni asubuhi zote zile katikati.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kushika mkia kwenye mashindano ya mjini, akaja kuniuliza kama aache. Nilimwambia aje Jumamosi, aniambie maji yanajaa saa ngapi, na simu aiache nyumbani. Alikuja. Alikosea kwa dakika kumi tu, tukaingia majini.