Ukisomewa Mashtaka, Usiseme "Ni Kweli" Ili Yaishe

Juzi usiku dada mmoja ameniandikia. Mdogo wake yuko mahabusu kwa kosa la wizi, na ndugu wameshakaa kikao wakakubaliana: akipandishwa kizimbani akiri tu, walipe faini, yaishe. Anachotaka kujua ni kama hakimu atamhurumia.

Nimemjibu palepale, lakini naona niliandike jambo hili kwa urefu. Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, tena na watu wanaonipenda. Ningewasikiliza, leo ningekuwa naitwa mwizi mbele ya wanangu.

Nilikuwa mtunza stoo. Mabati yakapungua, mwajiri akanitaja mimi polisi. Sheria ya hapa Tanzania inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, inapowezekana. Mimi nililala kituoni zaidi ya hapo, na hadi leo nikikumbuka naumia. Mjomba wangu akaja kuniona, akaninong'oneza kwamba kuna mtu wa mahakamani amemhakikishia nikikubali nitapigwa faini ndogo. Huyo mtu hakuwa hakimu wala wakili. Vishoka wa namna hiyo wamejaa kwenye korido za mahakama, na wanaishi kwa hofu zetu.

Nikasomewa: wizi wa mtumishi, yaani mfanyakazi kumwibia mwajiri wake, kinyume na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Ni kweli au si kweli? Nikajibu si kweli. Mjomba akaguna kwa nguvu hadi askari akageuka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ukisema "ni kweli", unasomewa maelezo ya tukio, ukiyakubali unatiwa hatiani hapohapo. Hakuna shahidi atakayeitwa, hakuna utakayemhoji. Na ukija kujuta baadaye, kwa kawaida rufaa yako itaruhusiwa kuhusu adhabu tu, kwamba ni kubwa mno au si halali. Ukikana, mzigo wote unabaki kwa upande wa mashtaka: wathibitishe bila kuacha shaka. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Haki hiyo ni yako hata kama mtaa mzima umeshakuhukumu.

Kilichonitoa mimi ni maelezo ya kosa. Hati ya mashtaka inataja kosa na kifungu chake, halafu chini yake inaeleza nani, lini, wapi, alifanya nini na mali ni ya nani. Watu wengi wakishasikia "wizi" masikio yanaziba. Omba nakala, kaa chini, isome neno kwa neno. Hati yangu ilitaja siku ambayo nilikuwa likizo. Stoo ile ilikuwa na daftari la funguo, na siku hiyo alisaini mtu mwingine, kwa kalamu nyekundu, saa moja asubuhi. Msaidizi wa kisheria aliyekuwa anakuja mahabusu ndiye aliyenielekeza kwamba mtu anayetaka kujitetea kuwa hakuwepo eneo la tukio anatakiwa aitaarifu mahakama mapema, asisubiri siku ya utetezi. Nikatoa taarifa kabla ushahidi haujaanza kusikilizwa.

Habari za kesi kuja kutajwa na kuondoka, upelelezi haujakamilika, shahidi hakufika, siwasimulii, aliyepitia anazijua.

Siku mwajiri alipotoa ushahidi, nilisimama kumhoji mwenyewe, sikuwa na wakili. Nikamwonyesha lile daftari. Sahihi hii ya nani? Akaomba swali lirudiwe. Nikalirudia polepole. Akasema hajui. Mtu aliyekuwa akisaini mishahara yetu kila mwezi! Nikajua hapo kesi imegeuka. Nilijitetea kwa kiapo, nikaachiwa huru. Najivunia siku ile kuliko cheti chochote nilichonacho.

Kwa hiyo ndugu zangu, jueni mnashtakiwa kwa lipi. Wizi hauthibitiki kwa kuonyesha tu kwamba kitu kimehama mkononi mwa mtu. Lazima pawepo nia ya udanganyifu. Aliyechukua akiamini kwa dhati kwamba ni haki yake ana utetezi. Aliyempiga mtu kwa kujihami, kwa nguvu isiyopita kiasi, ana utetezi. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kabisa kwa jinai.

Na someni adhabu kwa makini. Wizi wa kawaida ni kifungo kisichozidi miaka 7, maana yake hakimu anaweza kushuka chini ya hapo kabisa. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30, na hata dhamana hauna. "Kisichozidi" na "kisichopungua" vimetenganisha watu na familia zao. Mtu anayekwambia "kiri tu, watakuhurumia" bila kujua kifungu chako kinasemaje anacheza na maisha yako.

Msiseme hamna hela ya wakili mkaishia hapo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, na wasaidizi wa kisheria wapo hadi wilayani. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo dai kila kitu ukielewe. Usipoelewa ulichosomewa, mwambie hakimu hujaelewa. Sema kwa sauti.

Dada yangu uliyeniandikia, wahi asubuhi kabla ya mdogo wako kuitwa. Mwambie asikiri asichokifanya, aombe nakala ya hati, na ninyi ndugu mfike na wadhamini wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, maana wizi una dhamana. Ikiwa mtachelewa na akawa ameshahukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, notisi ya kukata rufaa Mahakama Kuu ni ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ukiondoa muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Nakala hiyo iombeni kwa maandishi siku hiyohiyo.