Kabla hujadai kima cha chini, jua uko sekta gani

Ukihisi unapunjwa, usikimbilie kumuuliza jirani analipwa shilingi ngapi. Jiulize kwanza mwajiri wako yuko sekta gani. Niliwahi kuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, na sasa nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga mjini. Watu wanakuja kuchapisha mikataba na barua za malalamiko, na wengi wanadai kiwango kisicho chao. Wakishindwa wanakata tamaa, hata na kile kilichokuwa haki yao.

Tanzania Bara hatuna kima cha chini kimoja. Waziri anayehusika na kazi hutoa amri ya mishahara, na kila sekta ina kiwango chake. Chukua amri ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Januari 2023, maana mikataba mingi ninayoletewa bado imeandikwa kwa viwango vyake: taasisi za fedha shilingi 592,000 kwa mwezi, kilimo 140,000, biashara na viwanda 150,000. Kuanzia 1 Januari 2026 kuna amri mpya iliyopandisha viwango kwa wastani wa asilimia 33.4, kwa hiyo mkataba wenye viwango vya zamani urudishwe kwa mwajiri ukarekebishwe.

Sasa mtazame mlinzi aliyekaa mlangoni mwa benki. Anadhani yeye ni wa benki. Aliyemwajiri ni kampuni ya ulinzi, na kampuni ndogo za ulinzi kwenye amri ile zilipangiwa 148,000. Kampuni kubwa, 222,000. Walinzi wawili, mtaa mmoja, usiku ule ule na mbu wale wale, walipishana kwa zaidi ya elfu sabini kwa sababu ya ukubwa wa mwajiri. Kupanga viwango kwa sekta naweza kukuelewa, shamba halina faida ya benki. Ila kazi ile ile kulipwa tofauti kwa sababu ya jina lililo kwenye sare, hapo mimi sikubali.

Kwenye mkonge shida ni nyingine. Mkataji analipwa kwa mizigo, majani thelathini kila mzigo, na msimamizi ndiye anayehesabu. Mzigo ukikataliwa kwa kuwa majani ni mafupi, jasho limekwenda bure. Ushauri wangu kwa wakataji ni daftari dogo la mfukoni: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mizigo iliyokubaliwa na iliyokataliwa. Mwisho wa mwezi linganisha na kima cha kilimo. Hesabu ya msimamizi peke yake isikutoshe.

Lakini linaloniuma zaidi ni la dada wa kazi. Amri ya 2022 iliwagawa wafanyakazi wa majumbani mafungu manne. Wa mabalozi na wafanyabiashara wakubwa 250,000, wa maofisa wanaostahili kupewa mfanyakazi wa nyumbani 200,000, na wengine wote 120,000 kama wanarudi kwao jioni, au 60,000 kama wanalala kwa mwajiri. Yaani kulala pale kulikata nusu nzima ya mshahara.

Mwajiri atakwambia, "Si anakula hapa, analala hapa?" Haya, tuhesabu. Wiki ya kazi kisheria ni saa 45, mwezi ni kama saa 195. Elfu sitini ya amri ile ukiigawa hapo unapata kama shilingi 308 kwa saa. Sasa huyo binti kutoka Lushoto anaamka kabla ya adhana ya alfajiri kuchemsha uji, na baada ya isha bado yuko kwenye sinki. Mpe saa kumi na mbili tu kwa siku, siku 26: ni saa 312, na saa yake moja imeshuka hadi shilingi 192. Mtoto akilia usiku wa manane anaamka nani? Na kitanda chenyewe mara nyingi ni godoro linalokunjwa asubuhi nyuma ya kochi. Kwa maoni yangu anayelala ndani angestahili kiwango kile kile cha anayerudi kwao, na saa za ziada juu yake.

Wewe unayeajiri na mshahara wako mwenyewe ni mdogo, nakuelewa. Wateja wangu wengi ni walimu na manesi. Usimchukue mtu mwezi mzima kwa pesa ya wiki mbili. Mwite siku tatu kwa wiki, mkubaliane saa, umlipe kwa saa hizo. Na chakula usimkate tena, kile kiwango kidogo kishakata. Likizo yake ya siku 28 kwa mwaka iandikwe kwenye mkataba.

Wewe unayelipwa, mambo yakigoma nenda kwa Afisa Kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usichelewe: mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, migogoro mingine siku 60. Nenda na ushahidi. Kama unalipwa kwa simu, usifute meseji za malipo. Kama unasaini karatasi, soma kiasi kabla ya kushika kalamu; imeandikwa 140,000 na mkononi una 80,000, andika "nimepokea 80,000" pembeni ya sahihi yako, kisha ipige picha.