Injini ya treni ya mfano ikizimazima, usianze na mota

Nina injini ndogo ya treni ya moshi, ya skeli ya 1:76 (yaani ndogo mara 76 kuliko treni halisi), inayokaa kwenye kidaka cha sebule yetu hapa Mkomani, Lamu. Niliinunua mtumba. Kila nikiiwasha ilikuwa ikienda kidogo, inasimama, mpwa wangu anaisukuma kwa kidole. "Mjomba, imezima tena!" Mota niliifungua mara tatu, nikaisafisha, nikabadilisha brashi zake. Haikuwa na neno. Ugonjwa ulikuwa kwenye viguso, yaani vile vijiwaya vinavyogusa magurudumu na kuchukua umeme wa relini.

Treni hizi hutumia volti 12, reli moja chanya na nyingine hasi. Injini yangu ina magurudumu sita, lakini manne tu ndiyo yaliyokuwa na viguso. Pale reli zinapogawanyika kuna kipande cha plastiki, na gurudumu likiwa juu yake halipati kitu. Likiinuka na jingine hata kwa unene wa karatasi, au likakanyaga uchafu, basi, umeme umekatika. Kwa hiyo usiache gurudumu lolote bila kiguso. Gari la makaa la nyuma nalo lina magurudumu sita, yatumie pia.

Sasa kiguso chenyewe. Tumia waya wa shaba ya fosfa wa milimita 0.3, kwa sababu una uspringi na haulegei upesi. Ulehemu kwenye kipande kidogo cha kibao cha saketi kilichobandikwa kwa gundi chini ya injini, ncha yake iguse mgongo wa ukingo wa gurudumu. Mimi mwanzo nilikata waya mfupi nikaukaza, nikiamini kukaza ndiko kushika. Ukawa breki! Magurudumu yakaburutwa badala ya kuviringika. Waya uwe mrefu: ukiurefusha mara 2, ugumu wake hupungua mara 8, na hapo hugusa taratibu bila kuachia. Lisukume gurudumu kushoto, kisha kulia, maana kwenye kona ekseli hucheza. Kiguso kikiachia upande mmoja, kikunje tena kwa koleo nyembamba, kidogo kidogo.

Kabla ya kuunganisha mota, shika mita ya kupimia umeme upime kati ya magurudumu ya kulia na ya kushoto. Umeme usipite. Ukipita, una shoti: pengine gurudumu limefungwa kinyume, au kiguso kimelalia chesisi. Nasema kabla ya mota kwa sababu mota ikishaungwa, mita itasoma koili zake nawe utatafuta shoti isiyokuwepo. Mimi nilipoteza jioni nzima hivyo.

Waya wa kutoka gari la makaa hadi injini lazima uwe laini, la sivyo utaliinua gari kwenye kona. Nilipata wangu ndani ya kebo ya kipanya kibovu cha kompyuta, kutoka kwa fundi wa simu kule Langoni. Nyuzi zake ni nyingi na nyembamba, zinakunjika vizuri.

Kwetu pwani kuna chumvi. Msimu wa kusi, wiki mbili tu zatosha viguso kuota ukungu wa kijani. Vipanguse kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili. Jihadhari na spiriti ya vidonda, nyingine zina mafuta ya mbarika yanayoacha utando. Reli usizisugue kwa msasa. Mikwaruzo hushika uchafu. Mimi sasa huifungia injini kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Mwisho, waya wa reli ya kulia niliupa rangi nyekundu, wa kushoto nyeusi. Kwa desturi, reli ya kulia ikiwa chanya injini huenda mbele. Yako ikirudi nyuma, badilishana waya mbili za mota tu, viguso uviache vilivyo.